Mshono Nyuma ya Kibla

Zamani hizo bunduki zilikuwa bado hazijaijua njia ya pwani yetu, na mji wa Kiwambale ulilindwa na ukuta wa mawe na chokaa, mnene wa dhiraa tatu, wenye kimo cha watu watatu waliopandana mabegani. Nyuma ya kibla cha Msikiti wa Ijumaa palikuwa na mahali pamoja kwenye ukuta huo ambapo fundi Shekuwe hakupenda kupita. Na yeye ndiye aliyepajenga! Kila baada ya sala ya alasiri aliharakisha hatua, kilemba amekivuta hadi kwenye nyusi, lakini akifika pale alisikia tu. Ko-ko... ko. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Ndivyo alivyokuwa akigonga shemeji yake, Msham, na Msham alikuwa kaburini mwezi wa tano.

Ngojeni niwaeleze, maana watu wa Kiwambale hawaeleweki hivi hivi. Mji ulikuwa na mitaa miwili, Gongoni na Mtomoni, na mitaa hiyo ilishindana kwa kila jambo, jamani, hata kwa kupiga chafya. Jumbe alipoamuru ukuta ujengwe, Gongoni walianzia mashariki kwenye jabali, Mtomoni wakaanzia magharibi kwenye hori la bahari, kila upande na ngoma zake na zumari zake, wanawake wakibeba maji kwa vigelegele. Waashi wa Gongoni waliongozwa na Shekuwe. Wa Mtomoni waliongozwa na Msham, aliyefunzwa kazi na mwalimu yule yule, kisha akamwoa Mwana Mize, dada yake Shekuwe.

Pande mbili zilipokutana nyuma ya kibla, balaa likaanza. Ili kuta mbili ziwe moja, lazima mawe yapishane: jiwe la huku lilale juu ya jiwe la kule, na la kule juu ya la huku. Sasa nani akubali kulaliwa?

"Jiwe la Mtomoni likae juu ya jiwe letu?" alifoka Shee Kombo, mkubwa wa Gongoni. "Labda niwe nimekufa."

Bwana Tumu wa Mtomoni naye alisema maneno hayo hayo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Basi mawe yakakutana uso kwa uso tangu msingi hadi juu, kama mke na mume walionuniana. Mafundi wawili waliona, wakatazamana, wakanyamaza. Walipaka chokaa juu ya mshono, ukapendeza. Ijumaa iliyofuata waliulizwa mbele ya umati kama ukuta ni mmoja, wakala yamini kwa Msahafu kwamba ni mmoja. Na sheria ya Kiwambale ilikuwa wazi: aliyeapa uongo alitolewa mjini, asirudi tena.

Haukupita muda homa ikamshika Msham. "Shemeji," alisema, mkono wake ukiwaka moto ndani ya mkono wa Shekuwe, "tumewapaka watu chokaa machoni. Ufungue ule mshono, uufume. Niahidi."

Shekuwe aliahidi. Alimzika, akarudi nyumbani, akanyamaza tena. Aliogopa, ndio ukweli wenyewe.

Kisha likaja jeshi la Sultani wa Wenje. Walizingira mji kwa upande wa bara, mikuki yao mingi kuliko mabua ya mtama, na nyuma yao watumwa waliburuta gogo la mvule lililofungwa vyuma kichwani. Walikaa siku ishirini bila kushambulia, wakitafuta mahali pa kulipigia gogo lile. Siku ya ishirini na moja ikanyesha mvua kubwa, na ilipokatika, chokaa ya nyuma ya kibla ikabanduka. Ufa mwembamba ulionekana, umenyooka kama uliopimwa kwa timazi.

Shekuwe aliweka sikio. Ko-ko... ko.

Alijua kazi yake: ukuta mnene ulioshikana haupitishi mlio wa nyundo, lakini mshono ulio wazi hupitisha kila kitu. Enzi za ujenzi yeye na Msham waliitana hivyo hivyo, mmoja ndani na mwingine nje, chakula kikiwa tayari. Basi sasa ama Msham anadai ahadi yake, ama mtu wa Wenje amesimama nje, anaupima ukuta kwa mpini wa mkuki. Hakujua lipi lilimtisha zaidi.

Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Jumbe, akavua kilemba.

"Niliapa uongo," alisema. "Ukuta si mmoja. Gogo likipigwa pale, mnakufa nyote."

Jumbe aliinuka kitini. "Unarekebishika?"

"Kwa mawe marefu ya kuvuka mshono, pande zote mbili, tukifanya kazi usiku na mchana. Siku tatu."

Haya, mngedhani wazee wale wangekimbilia kuleta mawe. Wapi! Shee Kombo aliuliza jiwe la chini kabisa litakuwa la nani. Bwana Tumu akajibu kwamba la Mtomoni halitalaliwa hata adui akiwa sebuleni kwake. Wakasimama, wakaoneshana vidole, majambia yakagusana viunoni. Tena mawe yenyewe hayakuwepo. Mawe marefu yaliyochongwa yalikuwa mahali pamoja tu, makaburini, baina ya msikiti na ukuta, na nani angethubutu kulitaja hilo?

Alithubutu Mwana Mize. Aliingia barazani amejitanda kaniki ya ufiwa, na nyuma yake wanawake sita wamebeba jiwe la kaburi, udongo ungali unadondoka.

"La mume wangu hili," alisema. "Ni la Mtomoni. Liwekeni chini kabisa. Anayetamani kumkalia Msham juu, na aje amkalie."

Bwana Tumu alifunika uso kwa ncha ya joho. Kisha Shee Kombo, yule mbishi, aliondoka bila neno akiwa na mtaimbo, na watu wakamwona anang'oa nguzo ya kaburi la baba yake mzazi huku machozi yakimchirizika ndevuni. Aliibeba kwa bega lake, akailaza mwenyewe juu ya jiwe la Msham.

Baada ya hapo hakuuliza mtu jiwe la nani liko wapi. Walitoboa upande wa ndani, wakalaza wafu wa Gongoni juu ya wafu wa Mtomoni, na wa Mtomoni juu ya wa Gongoni, majina yao yakizama katika chokaa. Waliofanya kazi walisema walihisi wanatazamwa, na hawakuimba.

Siku ya nne gogo la Wenje likaja, na likapigwa pale pale nyuma ya kibla. Basi lilikuwapo sikio la adui upande wa nje! Lilipigwa toka alfajiri hadi adhuhuri. Mishale ilimiminika kutoka juu, watu wakaanguka pande zote, vumbi likatoka ukutani, lakini jiwe halikutikisika. Gogo lilipasuka katikati. Kufikia jioni watu wa Wenje walikuwa wakifunga mahema.

Mji ulishangilia. Shekuwe alikwenda ukutani baada ya alasiri, akasikiliza. Kimya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na badala ya kufurahi alimlilia Msham upya.

Kiapo nacho hakikusahauliwa. Jumbe alitoa hukumu huku ameinamisha kichwa, naye Shekuwe hakuomba msamaha. Mwana Mize alimsindikiza hadi langoni na kumfungia mkate wa mofa kwenye nguo.

"Kaka, ukifika nyuma ya kibla, gonga kama alivyokuwa akigonga yeye. Nitakuwa ndani pale na mchi wangu. Nitakujibu, nijue tumeagana."

Shekuwe alijua kazi yake. Alitaka kumwambia, badala yake akaifunga upya nguo ya mkate.

"Nitagonga," alisema.

Alizunguka kwa nje hadi mahali lilipopasukia gogo, akatoa nyundo. Ko-ko... ko. Aliweka sikio kwenye jiwe la baridi. Hakusikia kitu. Akagonga tena, na tena, hadi jua likazama, na ukuta haukupitisha hata mnong'ono. Hakuwahi kujenga kitu kizuri kama kile maishani mwake. Akafuata njia ya bara, na hakuonekana tena.

Upande wa ndani Mwana Mize alipiga mchi mpaka viganja vikachubuka, na hadi alipokufa, mkongwe mwenye wajukuu, aliwaambia watu kwamba kaka yake aliondoka kwa hasira na wala hakugonga.