Mstari Mmoja Ubaoni

Saa moja na nusu asubuhi mkuu wa ulinzi wa chuo aliitwa kwenye chumba cha mtihani. Alimkuta binti ya kaka yake mbele ya ubao, ameduwaa. Saa nne alikuwa atetee tasnifu yake ya fizikia. Kwa desturi ya idara, mtahiniwa huandika hesabu zake ubaoni jioni iliyotangulia, na ubao ukiguswa hakuna mtihani mpaka mhusika ajulikane. Kazi aliyoahidiwa kwenye maabara kubwa ilimtaka afaulu siku hiyo hiyo, la sivyo impite.

Mstari mmoja tu ulikuwa umefutwa. Dasta ilikuwa safi.

Mkuu, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi, alianza na Mrefu, mwanafunzi aliyekuwa akiimezea mate kazi ile ile. Mrefu alikiri kuwa aliingia jana, akatoa simu yenye picha ya ubao mzima. Yeye angefuta, alisema, angefuta wote. Shangazi aliona hoja hiyo ina mashiko. Akamtaka amweleze mstari uliopotea, tena kwa lugha ya binadamu.

"Kila chembe ina mwenzi mzito ambaye bado hajaonekana. Dada ameongeza kani moja mpya. Mstari uliofutwa unajumlisha chaji za kani hiyo: lazima zifutane hadi sifuri, zisipofutana nadharia yote inaanguka." Akajumlisha kwenye picha, akarudia. "Shangazi, hazifutani."

"Chaji hizo alipewa na nani?"

"Na Mzee mwenyewe."

Mzee, msimamizi wa tasnifu, alikuwa ofisini na mafua yake. Alipiga chafya, akajifuta kwa kiganja, yeye ambaye hakosi leso iliyopigwa pasi. Shangazi akaiomba. Ilitoka mfukoni imejaa chaki, na binti amesimama mlangoni anatazama.

"Nililiona kosa alfajiri," Mzee alisema. "Ni langu. Nilifuta mstari ili nipate siku mbili za kulirekebisha, asije akaaibika kwa ajili yangu. Habari ya kazi kufungwa leo sikuijua."

Binti alikuwa na hasira, na alimpenda mno. Akavuta kiti.

"Mwalimu, lingekuwa langu, ungenifichia?"

"Hata kidogo. Ningekuvuta sikio, kisha tukatafuta chembe inayokosekana."

"Basi lete sikio."

Saa nne binti alisimama mbele ya watahini, akaanza na kosa. Kisha akaandika chembe waliyoiongeza pamoja, ile iliyofanya chaji zifutane, akasema inaitwa Mzee. Watahini wakacheka, na mwenye jina, kwenye kiti cha nyuma, akalia mbele ya watu bila kuona haya.