Nilisema "Nitamla", Wakaniletea Maji Ninawe

Nina miaka ishirini na sita, ni mwalimu, na tangu utotoni sijawahi kukubali jambo kwa sababu tu wakubwa wamelisema. Chuo kikuu wenzangu walinibandika jina, Kwa Nini. Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa aibu…

Nilipomaliza digrii nilipelekwa kufundisha Wajir. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimekulia kwenye mahindi na matope. Huko nilikuta mchanga, ngamia, na lugha ambayo sikujua hata kuombea chumvi. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo familia moja ikanipa chumba uani kwao. Mume alikuwa na mifugo upande wa Elwak. Nikabaki na mkewe, Halima, niliyemwita eedo, yaani shangazi, na kitinda mimba wake, Abdi, ambaye hata meno hayakuwa yamemtoka.

Eedo alinipenda. Nilipopuliza chai ya maziwa ya ngamia na kuionja kwa ncha ya ulimi, alicheka hadi shungi likamteleza. "Mwalimu, wewe nakunywa kama baka!" Alitaka kusema paka.

Kwetu mtoto mnono hutaniwa. Unamfinya shavu, unasema utamla. Siku moja Abdi alikuwa ametoka kuogeshwa, anang'aa mafuta, na majirani wamejaa uani. Nikamnyakua nikapaza sauti: "Mnono hivi! Huyu namla leo, sibakishi hata mfupa!"

Majirani wote wakageuka kunitazama.

"Mwalimu," eedo akasema polepole, "sema mashallah."

Nikacheka. "Kwa nini? Neno linanenepesha au linakondesha?"

"Sema tu, bas."

Sikusema! Mimi, msomi mzima, niogope neno?

Mwaka huo mvua ilinyesha kama iliyosahau njia ya kurudi. Visima vya Wajir ni vifupi, na vilifurika pamoja na maji ya vyoo. Kulipokucha baada ya utani wangu ule, Abdi alikuwa anahara na kutapika.

Nilijua ni maji yale. Ningeweza kuapa! Lakini nilipotoka chumbani, wanawake waliokuwa wakiongea walinyamaza wote pamoja. Mmoja akavuta mwanawe nyuma ya gauni lake. Nikasikia neno moja likirudiwa… il… il… Wanafunzi wangu walikuwa wamenifundisha neno hilo. Ni jicho, lile linalomdhuru mtoto anayesifiwa bila mashallah.

Jicho la nani? La nani kama si langu?

Nikakimbilia kwa Wekesa, mwalimu mwenzangu wa kutoka kwetu. Badala ya kunituliza akashika kichwa. Akaniambia mtoto akifa nitakuwa nimemla kweli, mbele ya mashahidi. Akaniambia nifunge mizigo. Lakini nifunge niende wapi? Barabara ilikuwa imekatika, hakuna lori lililotoka wala kuingia.

Nilirudi kuchukua nguo zangu nikajifiche kwake. Nikiwa ndani nikasikia uani panajaa. Sauti za wanawake zilipanda, kali, zikigongana. Nikatia komeo. Nikachungulia kwenye ufa… Eedo alikuwa ameketi kizingitini pangu, ameuegemea mlango, Abdi mapajani, na bakuli la maji kando yake.

Amenizingira! Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

"Mwalimu, fungua. Kuja nawa hii maji. Uso, mkono, mdomo. Tumwagie mtoto."

Ninawe? Nikinawa si nimekiri? Na mtoto akifa baada ya maji yangu, nani atanitetea? Nilikaa sakafuni, magoti kifuani.

"Usiogobe, Mwalimu. Fungua, mamangu."

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ndani ya chumba changu kulikuwa na sukari. Kulikuwa na chumvi. Kulikuwa na maji niliyoyachemsha mwenyewe. Nilijua vizuri kabisa kuyachanganya ili mtoto anayehara asikaukiwe. Lakini nilijiambia, akinywa kutoka mkononi mwangu na afe, je? Nikaziba masikio… na kilio cha Abdi kikawa kinapungua, kinapungua.

Ni kule kupungua kulikonifungulia komeo.

Nilinawa. Eedo akammwagia mtoto maji yale. Shemeji yake alikuwa ndiyo kwanza amepata mkokoteni wa punda, tukapanda wote kwenda hospitali, magurudumu yakizama kwenye maji. Nilikoroga sukari na chumvi yangu njiani, kikombe kikiruka mkononi. Abdi hakumeza. Hatukufika naye akiwa hai… vidole vyangu vilikuwa bado vimelowa.

Baada ya maziko nilijificha chumbani, begi langu tayari limefungwa, nikingoja waje kunikamata. Aliyekuja ni eedo, na chai.

"Begi ya nini? Unakimbia nani?"

Nikamwambia kwa machozi kwamba sikumla mwanawe. Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Nani amesema? Mimi nilinawa kwanza, kabla yako. Mimi ndiye nilibenda yeye zaidi. Jicho ya mama iko, jicho ya shangazi iko. Kila mtu alimsifu ananawa, maneno inakwisha."

Nikamwuliza kwa nini, basi, alinikalia mlangoni.

"Jirani ilikuwa na hasira. Wewe ni mgeni yangu. Nilisema, anayetaka Mwalimu abite juu yangu."

Wasomaji wenzangu! Mwanamke yule, mtoto wake akimfia mikononi, alikuwa ameniwekea mgongo wake kuwa komeo. Nami nyuma yake nilikuwa nimekalia sukari na chumvi!

Bado naishi kwake. Bado ananiita mamangu. Juu ya kile kilichokuwa chumbani mwangu sijamwambia, na kila anaponiwekea chai nasema leo… kisha nakunywa kimya.

Nakuombeni, ninyi mnaokwenda kuishi kwa watu msiowajua. Mkiogopa, fungueni mlango muulize. Mimi niliyehoji kila kitu duniani, sikuuliza swali la mtoto mdogo: eedo, maji haya ni ya nini?