Kitalu cha Mugoma Kisichoonekana Biharamulo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ernesta humwagilia mistari mitatu ya miche. Mama yake, Rozina, humwagilia sita. Iliyobaki hugawana wanawake wengine wa kikundi, ambao hupanda kutoka bondeni na ndoo kichwani huku wakipiga soga kwa Kihangaza na kucheka, utadhani maji hayana uzito. Kitalu chao kiko Mugoma, wilayani Ngara, kwenye mteremko ambao ukisimama juu yake unayaona mashamba ya Burundi ng'ambo ya pili. Wanaotesha miche ya parachichi ya kubebesha, yaani iliyoungwa tawi la aina bora juu ya shina jingine, kila mmoja ndani ya mfuko wake mweusi.

Miche ya namna hiyo haina subira. Mvua za vuli zikishika, lazima iende shambani. Ikikawia mfukoni, mizizi hukosa pa kwenda, hujizungusha na kujikunja, na mti wake hautazaa vizuri hata ukiubembeleza. Kwa hiyo kikundi kilihitaji wanunuzi kabla Novemba haijaisha, na kazi ya kuwapata alipewa Ernesta, mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Usishangae. Ernesta alikuwa katika klabu ya kompyuta shuleni, na binamu yake Ciza anafanya kazi za kompyuta Muyinga, upande wa Burundi. Ciza ndiye aliyekitengenezea kikundi tovuti, bure kabisa. Ernesta alipiga picha na kuandika maneno. Ciza pia alimletea laini ya simu ya Burundi, maana pale mlimani mtandao wa ng'ambo unashika vizuri kuliko wa kwetu. Watu wengi wa huko wana laini mbili na hawaoni ajabu yoyote.

Siku tovuti ilipokuwa tayari, Ernesta aliandika kwenye simu yake "miche ya parachichi" na kutafuta. Kitalu chao kikatokea juu kabisa. Akakimbia kumwonyesha shangazi yake Theodosia, mwenyekiti wa kikundi, ambaye alivaa miwani na kuitazama simu mara mbili.

"Sisi ndio wa kwanza?" aliuliza.

"Wa kwanza, shangazi."

"Basi mwaka huu hatuhangaiki na magulio. Wateja watatufuata wenyewe."

Tangu siku hiyo Ernesta akawa hashikiki. Wanawake walimwita mwalimu, na palipokuwa na ndizi ya kuchoma, ya kwanza ilikuwa yake. Alifurahi, na nani asingefurahi?

Katikati ya Oktoba alitumwa Biharamulo kumpelekea ndizi dada yake Suzan, aliyekuwa amejifungua. Baada ya chai, Ernesta aliomba simu ya Suzan, yenye laini ya kawaida ya Tanzania, ili amwonyeshe tovuti. Akaandika maneno yaleyale. Vikatokea vitalu vya Njombe, vya Arusha, vya Mbeya. Akashuka chini, akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano. Cha Mugoma hakikuwepo.

"Labda umekosea kuandika," alisema Suzan, akimbembeleza mtoto.

"Sijakosea, dada."

Njia nzima ya kurudi alitafuta tena na tena kwenye simu yake, na kila mara kitalu chao kilitokea juu. Alipofika nyumbani, Shangazi Theodosia alikuwa kitaluni akimsubiri.

"Haya, mwalimu. Huko Biharamulo wanatuona?"

Ernesta alitoa simu yake, akatafuta, akamwonyesha. "Tazama, shangazi. Bado tuko wa kwanza."

Kilichoonekana kwenye simu kilikuwa kweli, lakini Ernesta alijua kwamba amedanganya. Aliona aibu kusema kwamba mwalimu wao haelewi kinachoendelea. Akajiambia kwamba wiki ijayo mtu atapiga simu, na mambo yatajipa yenyewe.

Wiki ijayo ikapita, na iliyofuata, na nyingine. Simu ya kikundi iliita mara moja tu, na alikuwa mtu aliyekosea namba. Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Jumamosi moja Rozina alichukua mche kutoka mistari ya juu, akaupasua mfuko. Mizizi ilikuwa imeanza kuzunguka chini kama kata ya kubebea ndoo.

"Tazama, mwanangu," alisema, mkono mmoja kiunoni. "Hii ndiyo tuliyoiotesha mwanzo, na ndiyo inaanza kuharibika. Mimi sielewi. Kama tuko wa kwanza, mbona hawaji?"

Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba maji. Ernesta angependa mama yake amgombeze. Aliweka ndoo chini, akamweleza yote tangu Biharamulo, machozi yakimtoka.

Rozina akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Kamwambie shangazi yako mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Walimkuta Theodosia uani akichambua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu wetu."

Jina hilo lilimchoma. Akasema kila kitu bila kujitetea. Theodosia aliendelea kuchambua mpaka konzi ya mkononi ikaisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kwa dada Suzan."

"Wiki tatu. Magulio matatu tumekaa nyumbani." Alisukuma ungo pembeni. "Haya, kulia utalia baadaye. Jumatatu tunakwenda kwa mwalimu wako wa kompyuta."

Mwalimu Sostenes aliwasikiliza wote wawili, kisha akaomba kuiona simu ya Ernesta. Alipoona laini, alitabasamu.

"Hapa hata mimi ningeingia mkenge," alisema. "Mama, tovuti haikai hewani. Inakaa ndani ya kompyuta fulani, mahali fulani, ambayo haizimwi mchana wala usiku. Kompyuta hiyo inaitwa seva. Ya kwenu iko Bujumbura, na anwani yenu inaishia na herufi za Burundi. Mtu akitafuta kitu mtandaoni, injini ya kutafutia hujaribu kumpa majibu ya karibu naye. Mtu wa Biharamulo akiuliza miche, injini inaona anwani ya Burundi na seva ya Burundi, inasema hawa ni wa nchi nyingine, inawarudisha nyuma."

"Mbona kwangu tunatokea?" aliuliza Ernesta.

"Kwa sababu laini yako nayo ni ya Burundi. Ulikuwa unahesabiwa mteja wa huko, na huko walioandika juu ya miche kwa Kiswahili ni wachache."

Theodosia alitikisa kichwa. "Kwa hiyo tukihamisha hiyo seva, mambo yamekwisha?"

"Hayajaisha, mama. Seva ni sehemu ndogo tu. Anwani ina uzito zaidi, na maneno yana uzito zaidi ya vyote." Mwalimu alifungua tovuti na kusoma kwa sauti, "Tuko mlimani. Ukivuka daraja, ulizia kwa Theodosia." Akamgeukia Ernesta. "Daraja lipi? Mlima upi?"

"Kila mtu analijua, mwalimu," alijibu Ernesta, kisha akasikia mwenyewe alichosema. Hakuwa ameandika Mugoma, wala Ngara, wala Tanzania.

Ciza hakukasirika alipopigiwa simu. Aliomba radhi, akasema hata yeye hakulifikiria. Wiki hiyohiyo kikundi kilipata anwani inayoishia na herufi za Tanzania, na tovuti ikahamishiwa seva ya Dar es Salaam. Ernesta aliandika maneno upya, safari hii akitaja kijiji, kata, wilaya na mkoa. Mwalimu aliwaonya kwamba haitaonekana kesho, kwani injini ya kutafutia huchukua muda kuiamini anwani mpya. Kwa hiyo walirudi kwenye magulio. Kila siku ya gulio ambayo hakuwa na masomo, Ernesta alibeba miche kichwani na kusimama juani na wanawake wengine, akiita wateja mpaka sauti ikakauka.

Siku za mwisho za Novemba simu ya kikundi iliita.

"Mwangaluka," ilisalimia kwa Kisukuma sauti nzito ya mzee. "Hapo ndipo kwenye miche, Mugoma? Naitwa Mashimba, niko Biharamulo. Nimetafuta kwenye simu, nyie ndio mmetokea karibu yangu."

Mzee Mashimba alikuja na gari dogo la mizigo. Alitoka Shinyanga miaka mingi iliyopita na ng'ombe wake, na sasa alitaka kupanda matunda kwa ajili ya wajukuu. Alizunguka kitalu, akashika majani, akaridhika.

"Nachukua yote iliyobaki," alisema.

Wanawake walitazamana. Majani ya mistari ya juu yalikuwa ya kijani kibichi na hayakuwa na dalili ya ubaya wowote. Ernesta alimtazama shangazi yake, na shangazi yake akatazama chini.

"Babu," alisema Ernesta, "ile ya juu usichukue." Akachukua mche mmoja na kuupasua mfuko mbele yake. "Majani ni mazuri, ila mizizi imejikunja. Nilichelewa kusema jambo, ikakaa sana mfukoni."

Mzee aliipapasa ile mizizi. "Ungenyamaza, mjukuu wangu, ningejuaje?"

"Ungejua baada ya miaka mitatu, babu, usipopata matunda."

Mzee Mashimba alicheka polepole, akapakia mistari ya chini tu. Alipoondoka aliahidi kwamba mwakani atakuja na majirani zake.

Jioni kikundi kilipasua mifuko ya mistari ya juu na kuitupa miche, mmoja mmoja. Kazi hiyo haikuwa na wimbo. Theodosia alisogea karibu na Ernesta.

"Hatukukupa kazi kwa sababu unajua kila kitu," alisema. "Kutojua kuhusu seva, tungekusamehe siku hiyohiyo. Hii tunayoitupa ni ya zile wiki tatu ulizojua na ukanyamaza. Jambo likiharibika mikononi mwako, lilete mapema, tulihangaikie pamoja."

"Nimesikia, shangazi. Nisameheni."

"Tumeshakusamehe." Theodosia alipasua mfuko mwingine, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na leo, yule mzee aliposema anachukua yote, mimi mtu mzima nilinyamaza. Nilitaka apakie aende zake. Wewe ndiye uliyesema. Kwa hilo, mwanangu, sote tumejifunza kwako."