Mikono Mezani, Mawazo Nyumbani

Kila asubuhi Nyamvula na bintiye Mwidani walitoka pamoja nyumbani kwao Mikindani, wakaenda kwenye kiwanda cha nguo Changamwe. Nyamvula alikuwa msimamizi wa laini ya kola, ile safu ya mashine zinazoshona kola za mashati. Mwidani alishona katika laini hiyo hiyo. Na mama huyu, jamani, alikuwa na sauti! "Haya, mikono! Mikono!" Hata cherehani zote zikilia, yeye alisikika.

Nesi wa kiwanda, sista Pascalia, alileta jambo jipya. Kabla ya mashine kuwashwa, wafanyakazi wakae kimya dakika chache. Wafumbe macho, wavute pumzi taratibu, wasikie miguu yao sakafuni.

Laini nyingine zilikubali. Nyamvula alikataa katakata.

"Kufumba macho bila kusali?" alisema. "Kwetu, watu wakikaa hivyo wanaita pepo. Mimi nimeokoka. Laini yangu haifanyi mambo hayo!"

Hakumuuliza nesi hata swali moja. Wenzao walipokaa kimya, laini yake ilishona.

Asubuhi moja Mwidani alifika na macho mekundu. Mwanawe alikuwa na homa, na alikuwa amemwacha kwa jirani.

"Mama," aliita polepole.

"Nini tena?"

"Nina wasiwasi. Hata sioni vizuri ninachoshona. Niache nitulie kidogo kama wale wenzetu."

"Utatulia kanisani Jumapili. Washa mashine!"

Basi akawasha. Mikono ilikuwa kwenye kola, roho iko kwa mtoto. Homa imeshuka au imepanda? Akiwaza hivyo, kidole kikaingia chini ya sindano. Mwidani alipiga ukelele. Sindano ilikuwa imevunjikia ndani ya kiungo.

Hospitalini walikitoa kile kipande cha sindano. Lakini kiungo kilitunga usaha, na kidonda kilipopona, kidole hakikukunjika tena. Nacho ni kidole cha shahada, cha mkono wa kulia. Mshonaji bila kidole hicho atashika nini?

Nyamvula alimwendea nesi akilia.

"Sista, niambie ukweli. Mkikaa kimya vile, mnaita nini?"

"Hatuiti chochote, mama. Hakuna jina linalotajwa. Unaisikiliza tu pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakikimbilia nyumbani, huyagombezi. Unayarudisha taratibu. Ukizoea, hata kazini utajua kwamba mawazo yameondoka na mikono imebaki peke yake. Anayetaka kusali, asali. Asiyetaka kufumba macho, atazame meza yake."

"Mwanangu angetulia, asingeumia?"

Nesi alifikiri kwanza. "Siwezi kukuapia. Kutulia si dawa ya kila kitu. Ile mashine haikuwa na kinga ya sindano, na hilo ni kosa la kiwanda. Tena mtu mwenye mtoto mgonjwa anastahili kupewa ruhusa. Lakini Mwidani ameniambia alikuomba, mama. Alikwambia mwenyewe kuwa haoni anachoshona."

Maneno yale yalimkata maini Nyamvula. Alifika nyumbani akamkuta bintiye anajaribu kumfunga mtoto vifungo vya shati, navyo havifungiki.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," alijibu Mwidani. "Njoo umfunge wewe."

Siku hizi laini ya kola hukaa kimya kabla ya kuanza kazi. Kila mashine imewekwa kinga. Mwenye mgonjwa nyumbani anasema, anaruhusiwa. Ugomvi umepungua, na kola za kufumuliwa ni chache. Watu hawarudi nyumbani vichwa vinawauma kama zamani. Faida ipo, nani atabisha? Lakini kwenye kiti cha Mwidani anakaa msichana mwingine, mgeni kiwandani, jina lake Lynnette.

Juzi Lynnette alifika akihema. Alikuwa amegombana na mwenye nyumba. Alipotaka kushika kazi, Nyamvula akamgusa bega.

"Usiwashe. Kaa kwanza, mwanangu. Vuta pumzi. Kola zitangoja."

Lynnette alitulia. Alipofumbua macho, alitabasamu.

"Ahsante, mama. Binti yako ana bahati, jamani! Mama mpole hivi!"

Nyamvula aligeuka. Akaenda kusimama nyuma ya laini, peke yake, mpaka machozi yakamkauka.