Kikwembe cha Kazi na Kikwembe cha Mtoto

Huko Karuba, kijiji cha wafugaji upande wa Goma, siku huanza na maziwa. Evode hupakia bidoni zake, yale madumu ya aluminiamu ya maziwa, kwenye pikipiki, na mkewe Laetitia hubaki na maharage ya kupukuchua, mtoto wao Tuyishime akiwa mgongoni. Kila maharage yalipoisha, Laetitia alimlaza mtoto, akatandaza kikwembe, kitenge cha kumbebea mtoto, juu ya mapaja, akachukua mkasi wa jikoni, akaanza kukata hereni.

Alizikata kutoka kwenye bati laini la aluminiamu la kuchapia, lile ambalo wachapishaji wa Goma hulitupa likishatumika. Umbo alilolipenda ni pembe za ng'ombe, ndefu na zilizopinda. Mama Agathe, kiongozi wa kwaya, alikuwa amemwomba jozi kumi na mbili za sikukuu ya mavuno.

Laetitia alikata bati kama anavyomenya viazi: maganda yote yaanguke mapajani. Kila alipomaliza, alikung'uta kikwembe mara moja, kisha akambeba mtoto kwa kikwembe kilekile.

Jumanne moja Tuyishime alilia. Laetitia akamzungushia kifuani, akampa ziwa; mtoto akalikataa. Akamwimbia, akazidi kulia. Alipomfungua kikwembe, aliona damu pajani mwa mtoto. Kipande cha bati, chembamba kama mwiba, kilikuwa kimezama kwenye ngozi.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alikitoa, akaosha kidonda, akatazama karatasi ya chanjo kuona kama ile ya pepopunda ipo. "Una bahati, mama," alisema. "Ingeingia ku jicho, tungesema mambo ingine."

Nyumbani, Evode aliuchukua mkasi, akauficha juu ya dari. "Kwaya itaimba bila hereni," alisema. "Mutoto wangu haiko kitambaa ya kupangusia bati."

Laetitia alirudi kwenye maharage yake. Alijua mumewe anasema kweli. Lakini ile ilikuwa kazi ya kwanza aliyoibuni kwa akili yake mwenyewe, na kuiacha kulimchoma moyoni.

Kesho yake Evode alipeleka bidoni iliyotoboka kwa jirani yao Symphorien, fundi wa kuziba bidoni za maziwa, akamsimulia yote. Jioni Symphorien akaja na mfuko wake wa vyuma vya kazi.

"Mama Laetitia, kila siku unakatiaka bati wapi?" aliuliza.

"Ku mapaja, Papa."

"Ku mapaja. Basi siku moja utajikuta umevaa kaputula ya bati."

Hata Evode alicheka.

Symphorien aliomba ubao, akauweka juu ya mawe mawili nje ya mlango. Akampa Laetitia glavu nene na mkasi mdogo wa kukatia bati. "Viazi inamenywa ku mapaja," alisema. "Bati iko na meza yake."

Laetitia alichora pembe kwenye karatasi, akaibandika juu ya bati kwa uji mzito wa muhogo. Uji ulipokauka, akataka kukata, Symphorien akamzuia.

"Ngoja. Toboa kwanza tundu ya kutundikia, kwa musumari, wakati bati ingali kubwa. Ikisha kuwa kidogo, kidole yako njo itagongwa, si musumari."

Akatoboa. Kisha akakata kipande kikubwa kuzunguka mchoro, halafu akaufuata mstari polepole, Symphorien akimwelekeza.

"Geuza bati, usipinde mukono. Na usifunge mukasi mpaka ku ncha. Ukifunga, inaacha meno ku ukingo."

Mwisho akachukua tupa, akasugua ukingo kwa kusukuma upande mmoja tu, bila kurudisha, kisha kwa karatasi ya msasa. Symphorien alipitisha hereni juu ya pamba. Nyuzi zikanasa. "Haijaisha." Laetitia akasugua tena. Mara ya tatu pamba ilipita bila kunaswa.

Vipande vidogo alivifagia kwa brashi, akavitia kwenye kopo lenye kifuniko. Hakuvigusa kwa mkono, hakuvipuliza kwa mdomo. Kisha akanawa.

"Papa, nani alikufundisha hivi?" aliuliza.

Symphorien alimwonyesha dole gumba lenye kovu refu. "Huyu. Ni mwalimu mukali."

Evode alikuwa ameketi kando akitazama. Aliinuka, akautoa mkasi wa jikoni darini. "Huu ukate mboga ya lengalenga," alisema. Kisha akagongomea msumari ukutani, nje. "Hapa njo utatundika kikwembe ya kazi. Isiingie mu nyumba. Ya mutoto ibakie ya mutoto."

Laetitia alitazama ule msumari. Aliushukuru kuliko kama angepewa ng'ombe.

Siku ya mavuno jozi kumi na mbili za pembe ziling'aa masikioni mwa wanakwaya. Laetitia alimfuata Symphorien mlangoni mwa kanisa, akamtilia mkononi umbo la bidoni alilolikata kwa bati, dogo kama kucha, la kutundika kwenye mfuko wake. "Nakushukuru, Papa. Umeniachia kazi yangu na mutoto wangu, yote mbili."

Symphorien aliinyanyua juu kuitazama. Aliipitisha ile bidoni juu ya dole lake lenye kovu kupima ukingo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Wakati huo Tuyishime, mgongoni, alinyoosha mkono akaikamata hereni ya pembe aliyovaa mama yake, akaiminya kwa nguvu zake zote. Laetitia akamshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja.

Kiganja kilikuwa safi.