Mbeleko Kwenye Nyumba ya Watu

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Dada alimfuta mtoto mdomo, akambadilisha nepi, akamlaza kwenye kitanda chake chenye vizuizi, akavuta pazia na kufunga mlango. Mtoto alinung'unika kidogo kama mzee aliyenyimwa tumbaku, kisha akalala mwenyewe.

Chiriku alipoliona jambo hilo mara ya kwanza, alishika kiuno.

"Unamwacha hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Bila hata kumwimbia?"

"Nimemfundisha mwezi mzima," Dada alisema. "Nilikuwa nakaa nje ya mlango huu, yeye analia humo, mimi nalia huku. Sasa anajua kulala. Usije ukanivurugia."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Alikuwa amesafiri na mama yake, fundi cherehani, kuja kumtembelea Dada katika nchi ya watu. Dada alikuwa huko karibu mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kulea mtoto wa mama mmoja mfamasia. Alipewa chumba, chakula na posho kidogo, na jioni mfamasia akirudi kutoka dukani kwake, Dada alikwenda darasani kujifunza lugha ya pale. Mkataba wake ulikaribia kwisha, na mfamasia alikuwa amemwahidi kumwongezea mwaka mmoja amalize masomo. Ndiyo ahadi hiyo iliyomfanya Mama auze cherehani yake ya pili apate nauli. Alitaka kuyaona maisha ya mwanawe kwa macho yake.

Mfamasia aliwapokea vizuri. Aliwatolea godoro la ziada, akawaonyesha bomba la maji ya moto na pahali pa kuacha viatu. Mama alicheka, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Dada alimtafsiria mfamasia, naye akacheka pia.

Mama alikuwa ameleta zawadi moja tu: mbeleko. Ilikuwa ile ile iliyombeba Dada, kisha ikambeba Chiriku, imefuliwa hadi rangi zake zimekuwa kama kivuli. Dada aliinusa, akaikumbatia, akaitundika kwenye kiti.

"Asante, Mama. Lakini hapa hakuna anayebebwa."

"Itakaa," Mama alisema. "Mbeleko haiozi."

Mashine ya kufulia ilikuwa chini kabisa ya jengo, watu wote wa jengo lile wakitumia hiyo hiyo moja. Mchana, mtoto akishalazwa, Dada aliteremka na kapu la nguo. Alimwachia Chiriku kazi ya kusikiliza.

"Akinung'unika, mwache. Akilia sana, teremka uniite. Usimnyanyue. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada. Nina masikio mawili."

Siku ya kwanza na ya pili mtoto alilala. Siku ya tatu alilia. Huenda ni jino, huenda ni sauti ngeni ndani ya nyumba. Chiriku alisimama mlangoni akihesabu vigae vya sakafu. Ngazi zilikuwa nyingi na kilio kilikuwa karibu. Akaingia. Mtoto alikuwa amesimama, ameshika vizuizi, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Pole, Bwana Mkubwa," Chiriku alinong'ona. "Wamekufunga jela bila kesi."

Alichukua mbeleko kitini, akamweka mgongoni, akaifunga kama alivyowaona wanawake wa kwao tangu azaliwe. Akatembea naye huku na huko. Mtoto alilaza shavu, akashusha pumzi ndefu, akalala. Chiriku alihisi uzito ule wa moto mgongoni, akajiona mtu mzima. Akamrudisha kitandani, akaitundika mbeleko, na Dada aliporudi na kapu akauliza, "Alilia?"

"Hata kidogo."

Uongo ulikuwa mwepesi kama unyoya. Kesho yake aliurudia, na keshokutwa. Mtoto naye hakuwa mjinga. Alijua sasa kwamba akipaza sauti kidogo mgongo utakuja. Siku moja Mama aliamka kwenye usingizi wa mchana akamkuta Chiriku sebuleni na mtoto mgongoni. Akatabasamu, maana picha ile ilimkumbusha mbali.

"Mshushe kabla dada yako hajarudi," alisema tu, akaenda kunywa maji.

Baada ya siku chache, mambo yaligeuka. Mtoto alianza kulia usiku, naye mfamasia ndiye aliyelala naye chumba kimoja. Alimlaza, mtoto akalia. Alimwacha, akapiga mayowe. Asubuhi mfamasia alitoka macho mekundu, akivaa koti la kazi huku kifungo kimoja kimepotea njia. Dada alianza kukosa raha. Alipima joto la mtoto, akaangalia fizi, akabadilisha uji.

Jioni moja mfamasia alirudi mapema, akamwita Dada jikoni. Chiriku na Mama walikuwa mezani. Hawakuelewa neno hata moja, lakini sura haihitaji mkalimani. Mfamasia alisema polepole, akimwangalia Dada machoni. Dada alitikisa kichwa. Mfamasia aliuliza tena. Dada akatikisa tena.

Mfamasia alipotoka, Mama aliuliza, "Kuna nini, mwanangu?"

Dada alisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Leo nusura ampe mgonjwa dawa siyo. Ameshika chupa nyingine kabisa, kwa usingizi. Anasema mtoto habadiliki hivi hivi, lazima nimebadilisha kitu na namficha. Mimi nimesema sijabadilisha. Anasema kama siwezi kumwambia kweli, mwaka wa pili hatanipa. Atatafuta mwingine."

"Na wewe humjui mchawi wako?" Mama aliuliza, lakini aliuliza huku akiangalia chini.

Chiriku alitazama mbeleko kitini. Alisema moyoni kwamba kesho mtoto atanyamaza na yote yatapita. Kesho ikaja. Mtoto hakunyamaza. Mfamasia alikunywa chai bila kumsalimia Dada, na Dada, ambaye Chiriku hakuwahi kumwona akilia, alijifungia bafuni akafungulia bomba ili asisikike.

Jioni, walipokaa mezani wote, Chiriku aliweka kijiko chini.

"Dada, mwambie kitu."

"Si sasa, Chiriku."

"Mwambie ni mimi. Nilimbeba kila mchana ulipokwenda kufua. Kwa ile mbeleko."

Dada hakugeuka. Mfamasia aliwaangalia wote wawili, akauliza swali fupi. Pale mezani ni Dada peke yake aliyejua lugha zote mbili. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mtoto huyu anaomba chumvi. Akaanza kutafsiri, taratibu, na Chiriku alijua hakuacha neno, maana mfamasia aliweka kikombe mezani kwa mikono miwili.

"Anauliza kwa nini hukusema jana, nilipoulizwa mbele yako."

Chiriku alikitazama kijiko chake.

"Niliogopa."

Dada alitafsiri. Jibu lilirudi. "Anasema hata yeye aliogopa, alipoiona ile chupa mkononi mwake."

Mama alijikohoza. "Mwambie na mimi niliona, nikanyamaza."

Hapo ndipo Dada alipogeuka. "Mama. Hata wewe?"

Mama alianza kukusanya sahani.

Mfamasia hakuwa mtu mbaya. Alimwomba Dada radhi kwa kumshuku, akasema mwaka wa pili uko palepale. Lakini wageni wasiachwe tena peke yao na mtoto, na mtoto afundishwe upya kuanzia siku hiyo.

Jumapili walikuwa wamepanga kupanda treni waende ziwani, wote watatu. Dada alikuwa ameingojea siku hiyo tangu mwaka jana. Badala yake alishinda amekaa sakafuni nje ya mlango, magoti kifuani, akisikiliza kilio. Chiriku alikwenda kukaa karibu naye.

"Nisaidie nini, Dada?"

"Nenda kakae na Mama."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilimuuma Chiriku zaidi. Siku zilizobaki zilipita kwa kunong'ona. Walikuwa wamevuka dunia kuja kucheka pamoja, wakaishia kutembea kwa ncha za vidole.

Siku ya kuondoka mtoto alilazwa mchana, akanung'unika, akalala mwenyewe. Chiriku aliomba amwone mara moja tu. Dada alitikisa kichwa, mkono ukiwa kwenye kitasa. Kisha akaikunja mbeleko, akampa Mama.

"Irudisheni nyumbani. Nitaichukua nikiwa na wangu."

Aliwakumbatia langoni, akarudi ndani haraka, maana hakutaka kukaa mbali na mlango ule.

Kituoni, wakingoja basi la uwanja wa ndege, Chiriku alikaa na mbeleko magotini.

"Mama, si nilimwonea huruma tu?"

"Ulimwonea. Hilo sikulaumu," Mama alisema. "Lakini kila nyumba ina utaratibu wake, na mgeni huuliza kabla ya kugusa. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi tulingoja mpaka kilio kikawa cha watu watatu." Akaigusa mbeleko magotini mwa Chiriku. "Nimekuambia wewe, lakini mkubwa ni mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema kwanza."

Basi lilifika. Chiriku alibeba begi lake na la Mama, akapanda, akakaa dirishani. Njia nzima aliishika mbeleko mikononi.