Kuku wa Mawese wa Mama Alphonsine

Kila Jumamosi Candiru alichota maji, akafagia uwanja wa nyumba yao huko Mvara, karibu na mpaka wa Zaire, kisha akamsaidia mama yake jikoni. Lakini Jumamosi moja ya mwaka 1974 mama yake alikuwa na homa. Alilala akitetemeka chini ya blanketi, na mgeni alikuwa amekwisha kufika.

Mgeni huyo alikuwa Mjomba Asuman, kaka yake mama. Zamani alikuwa mpishi wa jeshi, na sasa alikuwa na hoteli ndogo ya chakula huko Koboko. Alileta jogoo mkubwa, akamchinja mwenyewe, akashika njia ya sokoni.

"Mimi narudi saa saba," alisema. "Pika hii kuku vizuri."

"Usijali, Mjomba," alijibu Candiru. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mara nyingi alikuwa amemtazama mama yake akipika kuku wa ufuta.

Alimnyonyoa jogoo, akamkatakata, akatia nusu ya nyama sufuriani. Kisha akamimina ufuta uliosagwa, mapema mno, akachochea moto mkali na kwenda kumpelekea mama maji. Aliporudi, jikoni kulijaa moshi. Ufuta ulikuwa umegandia sufuria, mweusi kama mkaa.

Candiru aliangua kilio. Jirani yao, Mama Alphonsine, akaja mbio. Mama huyo alikuwa amevuka mpaka kutoka Aru miezi mitatu iliyopita, akitafuta kazi. Binti yake, Odile, alikaa dawati moja na Candiru shuleni.

"Acha kulia, mutoto," alisema Mama Alphonsine. "Nyama ingine iko? Leta."

Alichukua sufuria yake mwenyewe, akakaanga vitunguu katika mafuta ya mawese hadi vikanukia, akaongeza nyanya, pilipili na nyama iliyobaki. Akafunika, akapunguza kuni, akaiacha nyama iive taratibu. Kisha akarudi kwake.

Saa saba Mjomba Asuman alirudi, akala mpaka mfupa wa mwisho.

"Nani alipika hii?" aliuliza.

Candiru aliinamisha kichwa. "Mimi, Mjomba."

"Wewe! Bahati mbaya iko mtoto wa shule. Madereva wa Zaire kila siku wanauliza kuku ya mawese, na mimi najua ya bizari tu. Ningepata mtu mzima anapika hivi, kesho ningemchukua Koboko."

Candiru alisikia kila neno, akakusanya vyombo bila kumtaja Mama Alphonsine.

Alasiri alirudisha sufuria kwa Mama Alphonsine. Alimkuta Odile akikunja sare yake ya shule na kuiweka ndani ya kitenge.

"Mama hakupata kazi," alisema Odile. "Jumatatu tunarudi Aru. Sijui kama nitasoma tena."

"Mujomba alifurahi?" aliuliza Mama Alphonsine.

"Alifurahi sana."

"Basi, ni vizuri," alisema yule mama, akatabasamu. Candiru hakuweza kumtazama usoni.

Kesho yake asubuhi alikimbia hadi mahali malori ya Koboko yalipopakia abiria. Mjomba alikuwa amekwisha kupanda.

"Mjomba, nilikudanganya!" Candiru aliita huku akihema. "Mimi niliunguza kuku. Aliyepika ni Mama Alphonsine, jirani yetu. Anatafuta kazi."

"Na jana niliposema habari ya kazi?"

"Nilisikia. Niliona aibu."

Mjomba alishusha mfuko wake. Lori likaondoka bila yeye. "Twende. Wewe utamwambia mwenyewe."

Candiru alisema yote mbele ya Mama Alphonsine na Odile. Odile aligeuza uso, akatazama ukuta. Mjomba akamwambia Mama Alphonsine kwamba kazi ipo hotelini kwake, naye akauliza, "Pale Koboko, shule iko karibu?"

"Iko karibu sana."

"Basi tutakuja."

Likizo ya Desemba Candiru alikwenda Koboko kusaidia hotelini. Siku mbili Odile hakuzungumza naye. Siku ya tatu Candiru alipika kuku wa ufuta, safari hii akiutia mwishoni, nyama ikiwa imeiva, juu ya moto mdogo, bila kuacha kukoroga. Odile akachovya kidole, akaonja.

"Chumvi imepungua," alisema, akamsogezea kopo la chumvi. Wote wawili wakacheka.

Mchana huo kulikuwa na sufuria tatu mekoni: ya bizari, ya mawese na ya ufuta. Wateja walipokwisha kula, Mjomba Asuman alimwita Candiru.

"Mimi niliwahi kuunguza chakula ya askari mia moja," alisema. "Kuunguza si kosa kubwa, unapika tena. Lakini ulichukua kazi ya mwenzako ukasema ni yako, na kidogo tu Odile aache shule. Sifa ya mtu mwachie mwenyewe. Yako utaipata kwa mikono yako, kama leo."